Kuimba stendadi za swingi: albamu ya Sinatra ya 1956 kama kitabu cha mazoezi

Ukitaka kujifunza kuimba stendadi, yaani nyimbo maarufu ambazo wanamuziki wengi huziimba upya, kwa mwendo wa swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, chukua albamu moja tu na uimalize: Songs for Swingin' Lovers! ya mwimbaji Mmarekani Frank Sinatra, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Capitol mwaka 1956. Ina nyimbo 15, na aliyezipangia muziki ni Nelson Riddle. Nyingi zilikuwa za zamani hata wakati huo, zimeshaimbwa na watu chungu nzima. Ndiyo sababu zinafundisha vizuri: maneno yanajulikana, melodi zinajulikana, kilichobaki ni kusikiliza kila neno ameliweka wapi kwenye mapigo.

Anza na kuhesabu. Kila kipimo kina mapigo manne. Aliyekulia kwenye kwaya atataka kukaza la 1 na la 3, lakini swingi hukaa kwenye la 2 na la 4. Kwa wimbo wa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, weka metronomu (kifaa kinacholia kwa mapigo sawa) kwenye 60, halafu kila mlio uuhesabu kama pigo la 2 au la 4. Mengine yajaze mwenyewe. Mwanzoni utateleza, mlio utageuka kuwa pigo la 1. Simama uanze upya. Usiimbe neno lolote kabla hujaweza kuvuka vipimo 32 bila kugeuka. Stendadi nyingi zina urefu huo, kama “Makin' Whoopee”: sehemu A mara mbili, sehemu B yenye melodi tofauti, kisha A tena, kila moja vipimo 8. “I've Got You Under My Skin” ya mtunzi Cole Porter ina 56, kwa hiyo hesabu kila wimbo upya.

Pigo likigawanyika noti mbili, ya kwanza ichukue kama theluthi mbili na ya pili ibaki fupi. Kasi ikipanda, tofauti hiyo ipungue, la sivyo wimbo utarukaruka.

Kisha yasome maneno bila kuimba, kama unaongea na mtu aliye mbele yako. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna tabia ya kuipa kila silabi haki yake. Kiingereza hakiko hivyo. Katika “under my skin” uzito uko kwenye “un” na “skin”, katikati panapitwa upesi. Ukizilinganisha zote, swingi inakufa hata bendi iwe nzuri namna gani. Piga mstari chini ya silabi nzito, na hizo ndizo uzitunze.

Sasa kuchelewa, na hapa ndipo penye utamu wote. Bendi haisubiri, besi inatembea pigo kwa pigo. Wewe anza mstari nyuma yake kwa nusu pigo au pigo moja, halafu kaza mwendo kidogo katikati ili neno la mwisho liwahi mahali pake. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuchelewa mstari mzima: hiyo ni kuburuta, na mpiga ngoma ataanza kukusubiri mpaka kasi ianguke. La pili ni kuvuta noti hadi akodi za bendi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zimeshabadilika chini yako, noti iliyokuwa tamu ikawa inagongana. Kwa hiyo weka alama kila mahali akodi hizo zinapobadilika. Kabla ya alama una uhuru, kwenye alama uwe umefika. Sikiliza “It Happened in Monterey”. Ulitungwa kama walzi ya mapigo matatu, Riddle akaufanya wa manne, na nafasi iliyoongezeka ni mali ya mwimbaji.

Pumzi ifuate sentensi. Sinatra aliimba na bendi ya mpiga tromboni Tommy Dorsey kuanzia 1940 hadi 1942, akijifunza kutoka kwa tromboni ya Dorsey jinsi ya kuunganisha mistari mirefu. Tia alama ya pumzi kwenye karatasi kwa kalamu, mwisho wa wazo. Ukiishiwa njiani, usiongeze hewa nyingi kifuani, maana hiyo hukaza koo. Punguza sauti ya maneno ya kwanza.

Nguvu nayo igawe. Kwenye wimbo ule wa Porter, Riddle anapandisha vyombo polepole hadi tromboni ya Milt Bernhart ilipuke, na Sinatra akirudi anakuwa mkali zaidi kuliko alivyoanza. Ukianza na nguvu zote, hutakuwa na pa kupanda.

Kabla ya kupanda jukwaani pima ufunguo, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani: shusha wimbo hadi noti ya juu kabisa uiimbe mara tano mfululizo bila kukaza shingo, noti za chini zikipotea, pandisha nusu sauti. Maiki ya jukwaani iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, ikiwa imeinama kidogo pembeni ili “p” na “b” zisipulize. Kwenye noti kubwa irudishe hadi 20, na uisogeze kabla ya noti kuanza, kwa sababu ukichelewa, spika zitakuwa zimeshakwaruza.