Chasisi ya Canter imepasuka? Tumia mashine ya vijiti

Kama unaziba ufa wa chasisi uani kwako, nakusihi utumie mashine ya kuchomelea ya vijiti. Ile ya waya na gesi hutoa mshono laini, lakini upepo kidogo tu unapeperusha gesi na mshono unajaa vitundu. Tena mashine ndogo ya waya kwenye chuma cha milimita 6 hulaza mshono juu juu: kwa macho umeshika, ndani haujaingia.

Kijiti kiwe cha aina ya E7018, si E6013 tuliyozoea kwenye mageti. E7018 haipatani na unyevu, na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Pakiti iliyokaa wazi wiki nzima, usiitumie kwenye chasisi. Fungua mpya siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha, toboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kutambaa, kisha saga mfereji wa V na uondoe rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Chomoa nyaya za betri. Chasisi yenye kibandiko cha kukataza kuchomelea, iache: chuma chake kimeimarishwa kwa joto kiwandani, na moto wako utakidhoofisha.