Kusoma moshi kwa setilaiti kabla moto haujafika kwenye mikorosho

Kuanzia Juni nyasi za Liwale, Nachingwea na Nanyumbu, kusini mwa Tanzania, zinakauka, na miezi hiyohiyo mikorosho inatoa maua. Moto ukipita chini ya mkorosho si lazima uuteketeze mti. Joto lake tu linababua mashada ya maua kwenye matawi ya chini, na korosho za matawi hayo zimepotea. Ndiyo maana ni muhimu kujua mapema moto uko wapi na unaelekea wapi. Simu yenye intaneti inatosha, na huduma yenyewe ni bure.

Anza na majira-nukta ya shamba. Simama katikati ya shamba, fungua ramani ya simu, andika namba mbili unazoziona na uzitunze. Kwa Masasi, kwa mfano, utapata kama -10.7 na 38.8. Alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza isisahaulike: bila hiyo ramani itakupeleka Ethiopia.

Kisha fungua FIRMS, ramani ya moto ya NASA (shirika la anga za juu la Marekani), uchague saa 24 zilizopita. Nukta nyekundu ni mahali ambapo setilaiti imekuta joto kali. Ukiigusa, inakupa tarehe na saa, lakini saa hiyo ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Njia rahisi kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili ni kutoa 3: saa 10:30 ya UTC ni saa 7:30 mchana. Setilaiti zenye VIIRS, kifaa kinachotambua joto la moto, hupita juu yetu karibu na saa hiyo mchana, na tena karibu saa 7:30 usiku. Nukta huonekana kwenye ramani kwa kawaida ndani ya saa 3 baada ya setilaiti kupita.

Hapa wengi hukosea: nukta si moto wenyewe. Kwa VIIRS, ni kitovu cha mraba wa mita 375 kwa 375, yaani kama ekari 35, na moto unaweza kuwa kona yoyote ya mraba huo. Nukta ikiwa jirani na mpaka wako, hesabu kwamba moto huenda umeshafika mpakani. Nukta inayorudi palepale kila siku mwaka mzima, hiyo huenda ni kiwanda.

Nukta inakwambia moto ulikuwa wapi. Unakoelekea utauona kwenye moshi. Fungua Worldview, pia ya NASA, uangalie picha ya mchana ya rangi halisi. Wingu ni jeupe na kingo zake zinaonekana vizuri. Moshi ni wa kijivu cha samawati, mwembamba kwenye chanzo, unapanuka kadiri unavyokwenda. Ncha nyembamba ikikutana na nukta, umeshapata chanzo. Wakati wa kusi moshi mwingi huelekea kaskazini-magharibi, hivyo moto ulio kusini-mashariki mwa shamba lako ndio wa kukunyima usingizi, hata ukiwa mbali kuliko ule wa upande mwingine.

Usiitegemee setilaiti peke yake. Moto uliowashwa saa 9 alasiri na kuzimika kabla ya usiku wa manane huenda usionekane kabisa. Mawingu yanauficha, na moto mdogo unaotambaa chini ya mikorosho iliyoshikana huweza kupita bila nukta. Zamu ya kulinda mashamba ibaki palepale.

Njia ya kuzuia moto isafishwe kabla Mei haijaisha, nyasi zikiwa bado mbichi. Tunashauri upana wa mita 5 kuzunguka shamba, na mita 10 upande wa kusini-mashariki, ikwanguliwe hadi udongo uonekane. Kufyeka na kuacha nyasi zimelala hapohapo ni kuuandalia moto kitanda. Majani makavu ya mkorosho yaondolewe mita 2 kutoka kwenye shina, na matawi yanayogusa ardhi yapunguzwe. Moshi ukionekana unakuja upande wenu, toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa majirani siku hiyohiyo; usiwashe moto wa kukabiliana nao ukiwa peke yako.

Nukta ikitoweka, usidhani moto umekufa. Kisiki kinaweza kufuka siku kadhaa bila setilaiti kukiona, kisha upepo wa mchana ukakiamsha. Sogeza mgongo wa kiganja karibu nacho bila kukigusa. Ukihisi joto, chimbua, mwagia maji, fukia kwa udongo, na kesho yake urudi kukikagua tena.