Somo: Kusoma mikao ya minyororo ya plastiki kwa infraredi

Assalam aleikum wanachama. Leo tunachukua dumu la mafuta ya kupikia, lile ambalo mafuta yakisha linatekewa maji. Mengi ni ya poliethilini nzito. Ndani yake molekuli ni ndefu kama minyororo: mingine imenyooka na kujipanga kuwa fuwele, mingine imejikunja ovyo, na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, huzionyesha hali zote mbili kwa pamoja.

Kwanza, kata kipande kwa wembe mpya, ukwepe upande uliopigwa na jua. Kifute kwa spiriti, kikauke, ndipo ukikandamize juu ya almasi ya mashine ya infraredi. Mwanga unazama maikromita chache tu, kwa hiyo kikibaki na mafuta utapima mafuta. Mwenye vioo vya bromidi ya potasiamu avihifadhi pakavu, maana kwa unyevu wetu wa masika vinaingia ukungu upesi.

Pili, pima hewa tupu, kisha kipande, kwa upambanuzi wa 2 kwa sentimita. Namba za vilele hapa chini zote ni idadi ya mawimbi ya mwanga kwa sentimita. Mvuke wa maji huacha miiba baina ya 1400 na 1900, basi rudia kupima hewa mara kwa mara.

Tatu, nenda 720 na 730. Hapa msiharakishe. Mnyororo ulio peke yake ungetoa kilele kimoja, yaani mahali plastiki inapomeza mwanga. Ndani ya fuwele, kila kisanduku, yaani kipande kidogo kinachojirudia, kinapitiwa na minyororo miwili, mitikisiko yao inaathiriana, na kilele kinagawika. 730 ni ya fuwele peke yake. 720 inachangiwa pia na sehemu zilizonyooka nje ya fuwele. Mikunjo itafute 1303, 1353 na 1368. Mkiwa na kipasha joto, pandisheni kupita nyuzi 130 hivi: 730 inatoweka, 720 inabaki imetanuka, vilele vya mikunjo vinakua. Kwangu mimi jaribio hili linafundisha kuliko asilimia yoyote ya ufuwele, yaani sehemu ya plastiki iliyo fuwele.

Swali (Wete): Maalim, dumu langu gumu lakini 730 ni fupi mno. Ufuwele ni mdogo?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Vilele hivyo viwili hutikisika pande tofauti za fuwele, na dumu limepulizwa kiwandani, minyororo ikalala upande mmoja. Zungusha kipande nyuzi 90 upime tena. Uwiano ukibadilika, huo ni mwelekeo. Kiyeyushe, kipoe taratibu, ndipo ulinganishe.

Swali (Paje): Na kamba za mwani, Maalim?

Jibu: Ikiwa ni polipropilini, mnyororo wake unajisokota, vipande vitatu kwa mzunguko. Gawa kilele cha 998 kwa kilele cha 973: 998 inataka msokoto mrefu zaidi, kwa hiyo uwiano unapanda kadiri misokoto inavyorefuka. Kamba iliyokaa juani sana itazame pia karibu na 1715, ndipo oksijeni inapojionyesha.

Swali (Chake Chake): Skuli kwetu tuna chupa za maji tu. Zinafaa?

Jibu: Zinafaa sana. 1340 ni mkao ulionyooka, 1370 uliopinda. Kata shingoni na ubavuni mwa chupa ileile. Ubavu ulivutwa wakati wa kupuliza, shingo haikuvutwa, na 1340 ya ubavuni itakuwa ndefu zaidi.