Kukadiria wauguzi wa halmashauri kwa miaka 5 ijayo

Anza na saa za muuguzi mmoja. Wiki 52 mara siku 5 ni siku 260. Toa likizo ya mwaka, ambayo hula kama siku 20 za kazi, sikukuu kama 15, na siku 10 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki 215, mara saa 8, ni saa 1,720. Wodi yenye wauguzi vijana wengi itoe pia likizo ya uzazi: siku 84 za kalenda, yaani kama 60 za kazi, kwa kila anayeichukua.

Kazi ihesabiwe kwa madaftari ya MTUHA (mfumo wa kutunza takwimu za vituo vya afya) ya miezi 12 kamili. Robo moja itakupotosha, kwa sababu msimu wa mvua malaria hupanda, na msimu wa korosho familia nyingi za Tandahimba na Newala hushinda mashambani.

Tuseme kituo cha afya huko Nachingwea huzalisha kina mama 240 kwa mwaka, kila mmoja saa 8 za muuguzi. Ni saa 1,920, gawa kwa 1,720: muuguzi 1.1. Gawa tena kwa 0.85 kama ripoti na makabidhiano hula asilimia 15 ya muda, unapata 1.3. Ukiishia hapo umewaumiza watu. Chumba cha kujifungulia hakifungwi usiku: saa 24 mara siku 365 ni 8,760, gawa kwa 1,720: wauguzi 5.1 ili mmoja tu awepo zamuni wakati wote. Kati ya majibu mawili, chukua kubwa.

Daftari jembamba lisikudanganye. Muuguzi pekee wa zahanati akienda likizo, wajawazito huipita na kwenda hospitali za Ligula au Ndanda, na mwakani zahanati inaonekana haina kazi. Linganisha waliojifungua hapo na walioanza kliniki hapo.

Kwa waliopo, tarehe za kuzaliwa zinakupa wastaafu: miaka 60 kwa lazima, 55 kwa hiari. Walio masomoni waandike mwaka wa kurudi. Ajira mpya hesabu waliobaki, usihesabu waliopangiwa: kama kati ya 10 waliripoti 7, na 2 wakahama ndani ya miaka miwili, mgao unaofuata wa 10 uandike 5.

Toa idadi ya waliopo kwenye idadi inayohitajika, kituo kwa kituo. Ziada ya Liwale mjini haizibi pengo la zahanati ya kijijini wakati barabara imekatika. Rudia hesabu kila mwaka kabla bajeti haijaanza kuandaliwa; nafasi isiyomo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) haiombewi kibali cha ajira.