Somo: Sebule ipangwe kwa miguu kabla ya macho

Wengi huanza na picha nzuri ya kochi. Naomba uanze na futi kamba na kalamu, kwa sababu sebule inayompendeza mgeni na kumchosha mwenyeji, mara nyingi kosa lake si rangi, ni njia.

Hatua ya 1: Kwa siku tatu usihamishe kitu. Andika watu wanapopita, mkoba unapotupwa, simu inapochajiwa, mtu anaposomea. Pale panapojaa vitu kila jioni ndipo panapodai rafu au ndoano. Usigombe na watu wa nyumbani. Wameshakuonyesha pa kuziweka.

Hatua ya 2: Pima. Njia kuu iachie sentimita 90. Kati ya kochi na meza ndogo acha 40 hadi 45, mkono ufikie kikombe na goti lisigonge. Kisha tandika magazeti sakafuni kwa ukubwa kamili wa kochi unalolitaka, uishi nayo kutwa nzima. Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Niliwahi kuagiza kochi la kona kwa kukadiria tu. Lilipoingia, mlango wa kabati ukawa unafunguka nusu, na kila nilipotaka shuka nililisukuma kwa goti. Magazeti yangenionya mapema.

Hatua ya 3: Vikubwa viwe vitulivu. Kochi, kabati na pazia utakaa navyo miaka mingi, basi vichagulie umbo rahisi na rangi iliyopoa. Mbao halisi, pamba na kitani huzeeka vizuri. Rangi inayowaka ipeleke kwenye mito na picha, vitu unavyoweza kuvibadilisha mchana mmoja.

Hatua ya 4: Taa moja ya katikati ya dari haitoshi, huacha nyuso kwenye kivuli. Ongeza ya kusomea na ya pembeni. Balbu za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wa manjano uliotulia, na zote za chumba kimoja zilingane.

Hatua ya 5: Fimbo ya pazia ipite upana wa dirisha pande zote mbili, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, sebule yangu ni meta 3 kwa 3. Nijaze vitu vidogo vidogo?
Jibu: Hapana, vitaisonga. Kochi moja la watu watatu lenye miguu mirefu, na stuli mbili zinazoingia chini ya meza. Sakafu ikionekana chini ya kochi, chumba hupumua.

Swali: Zulia langu linaonekana kama leso iliyodondoka.
Jibu: Ni dogo. Tafuta linaloweza kukanyagwa na miguu ya mbele ya makochi yote.

Swali: Nina watoto wadogo, na moyo uko kwenye kochi jeupe.
Jibu: Chukua lenye kitambaa kinachovulika na kufulika, rangi ya krimu. Meza iwe ya mviringo, isiwe na pembe.

Swali: Mama mkwe ametuachia kabati zito, jeusi, la zamani. Halilingani na chochote.
Jibu: Dada, mimi ningeanza na hilo. Lipe ukuta wake peke yake, usilibananishe. Weusi wake urudie mahali pawili: fremu ya picha na miguu ya stuli, litaacha kuonekana geni. Ndani yake tia mablanketi na vitu vya kuchezea vya watoto, na juu yake weka taa yako ya pembeni.