Namna ya Kumsimamia Mtoto Mchoraji Aliyeshindikana Shuleni na Nyumbani

Mwongozo huu ni wa mjomba, shangazi, nyanya, maalim wa madrasa au jirani wa Mombasa anayemwona mtoto mwenye kipawa cha sanaa akididimia, huku shuleni akiitwa mvivu na nyumbani akiitwa mpotevu. Nimemkusudia mtu huyo kwa sababu mzazi aliyekwisha kukasirika na mwalimu aliyekwisha kukata tamaa mara nyingi hawawezi kuanza wao wenyewe. Panahitajika mtu wa tatu, anayeheshimiwa na pande zote mbili, atakayekubali kuibeba kazi hii kwa miezi kadhaa bila ya kutafuta sifa. Kazi yenyewe ni kuyachukua yale ambayo wengine wanayaona kuwa upuzi na kuyafanya ushahidi unaoweza kuwekwa mezani.

Anza na daftari kabla ya mazungumzo yoyote. Mwombe mtoto akuonyeshe anachochora, kisha nyamaza uangalie. Mtoto aliyezoea kunyang'anywa karatasi zake atakupa kwanza kile anachodhani kitakupendeza, kwa hivyo usiwe na haraka. Kazi yake ya kweli huja baadaye, na aghalabu imo katika kurasa za nyuma za daftari la somo jingine. Nilipata kuonyeshwa daftari la Sayansi la msichana wa Likoni ambaye ripoti yake ilisema hana bidii. Kurasa za mbele zilijaa wino mwekundu. Nyuma, kwa biro ya buluu, alikuwa ameichora feri ikikaribia gati: mlango wa chuma umeteremshwa nusu, minyororo yake imechorwa pete kwa pete, mikokoteni imetangulia, na umati wa watu unapungua kimo kadiri unavyokwenda nyuma, mwanamke mmoja akiishikilia leso yake isichukuliwe na upepo. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika, "Acha upuzi." Mtoto anayeweza kupunguza vimo vya watu kwa uwiano ule anapiga hesabu kwa jicho, na anayezikumbuka pete za mnyororo hakukosa umakini. Kinachomshinda darasani kiko mahali pengine, na ni wajibu wako kukitafuta.

Unapoangalia, uliza maswali ya kazi: alisimama wapi alipokiona kitu hiki, kwa nini alianzia pembe hii, ni sehemu gani iliyomsumbua. Sifa za jumla hazimfai, kwa sababu mtoto huyu anajua vizuri kutofautisha mtu aliyeangalia na mtu anayempa pole. Mwombe aandike tarehe nyuma ya kila kazi, hata zile anazozichukia, kwani baada ya muhula mmoja tarehe hizo ndizo zitakazoonyesha maendeleo ambayo ripoti ya shule haikuyaona.

Hatua inayofuata ni kujua kwa nini anashindwa, na hapa watu wengi huruka. Mpeleke apimwe macho na masikio kwanza. Kisha uangalie namna anavyosoma: ikiwa anasoma kwa taabu, anaruka mistari, anaandika neno moja kwa tahajia tatu tofauti katika ukurasa mmoja, lakini anaelewa kila kitu anaposomewa kwa sauti, huenda ana dislekisia, ambayo ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti na haihusiani na akili wala bidii. Serikali ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, iwe ni Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, ndiyo ya kuulizia mahali pa kumpeleka. Majibu yote yachukue kwa maandishi. Shuleni karatasi yenye mhuri husikilizwa kuliko maelezo ya mdomo, hata yawe ya kweli namna gani.

Ukishapata karatasi hizo, omba miadi na mwalimu wa darasa, na uende pamoja na mzazi au na barua yake, maana shule haina wajibu wa kuzungumza na jamaa asiyetambuliwa. Usiende kulalamika. Fungua daftari, mwonyeshe mwalimu mchoro, mwonyeshe matokeo ya vipimo, kisha omba mambo machache yanayotekelezeka katika darasa lenye watoto wengi: mtoto akae mbele, aruhusiwe kujibu baadhi ya maswali kwa mdomo, na michoro yake itumike pale inapohitajika kweli, kama vile mchoro wa moyo katika Sayansi au ramani katika masomo ya Jamii. Nina imani kubwa na ombi hili la mwisho. Mtoto ambaye mchoro wake wa figo umebandikwa ukutani mwa darasa huanza kulihesabu darasa hilo kuwa lake, na walimu na wanafunzi wenzake huanza kumwita kwa jina lake.

Ikiwa anachapwa au anatukanwa kwa sababu ya kuchora, hilo si la kubembelezana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mweleze mwalimu mkuu jambo hilo kwa upole, faraghani, kabla ya kulipeleka mbele. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haitozwi malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Na ukimwona anachana kazi zake zote, anawagawia wenzake vitu anavyovipenda, au anasema kwamba heri asingezaliwa, acha mipango mingine yote, usimwache peke yake, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyumbani ni kugumu zaidi kuliko shuleni. Usizungumze na baba mbele ya mtoto, wala mbele ya wageni, wala wakati ripoti ya shule ingali mkononi mwake. Ikiwa wewe ni mjomba, ingia kwa heshima ya ushemeji: "Shemeji, sikuja kukufundisha malezi, mwana ni wako. Nimekuja kukuonyesha kitu alichokifanya, kisha nikusikilize." Atakuuliza, "Na picha hizi ndizo zitakazomlisha?" Usimwahidi utajiri, kwa sababu ahadi hiyo itakurudia. Mwambie unachokijua: kwamba mtoto anakaa saa mbili juu ya kazi moja bila ya kusukumwa, kwamba uvumilivu huo ni mali katika ufundi wowote, na kwamba unaomba muhula mmoja tu wa kumwacha achore baada ya kumaliza kazi za shule. Ombi lenye kikomo hukubalika kwa wepesi kuliko ombi la kubadili maoni ya mtu.

Katika nyumba nyingi za Kiislamu pingamizi si la fedha bali ni la dini, kwamba haifai kuchora viumbe vyenye roho. Usibishane, wala usimfundishe mtoto kuchora kwa siri, kwani siri hiyo ikifichuka utakuwa umempokonya mtetezi wake wa mwisho, ambaye ni wewe. Pwani hii ina urithi mzima wa sanaa usiohitaji sura ya kiumbe. Watoe baba na mwana pamoja, alasiri moja, mtembee Ndia Kuu na Kibokoni, katika Mji wa Kale, mkaangalie milango: nakshi za maua na majani juu ya mwimo, maandishi ya Kiarabu katika baadhi ya vizingiti, mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango, uliochongwa. Mwache baba aeleze anachokumbuka kuhusu mafundi wa zamani. Mara nyingi atakumbuka zaidi ya ulivyotarajia. Kofia za viua, hati za Kiarabu, mapambo ya hina na piko na miji ya leso, yaani mapambo ya katikati yake, ni masomo kamili ya kuchora, na mtoto atakayeyapitia kwa bidii atatoka na mkono wenye nidhamu hata kama baadaye atachagua njia nyingine. Maalim ambaye familia inamwamini anaweza kulifafanua jambo la picha kwa uzito ambao wewe huna.

Kwa mtoto ambaye aliadhibiwa kwa kuchora ukutani, mpeleke Fort Jesus. Ngome hiyo, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, imehifadhi plasta ya ukuta ambayo Wareno waliichora meli na watu. Aone kwamba mchoro wa mtu aliyekuwa mbali na kwao, uliofanywa bila ya ruhusa ya mwalimu yeyote, unatunzwa kwa makini hadi leo. Kisha umpe karatasi.

Vifaa havihitaji gharama kubwa: penseli ya HB, ya 2B na ya 4B, kifutio, daftari lisilo na mistari, na makaa ya jikoni yaliyopoa. Hatari kubwa kwetu ni unyevu. Katika mvua za masika karatasi hunyonya maji ya hewani, hujikunja na kuota ukungu, kwa hivyo kazi zake zilazwe bapa kati ya manila mbili, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje, wala zisifungiwe ndani ya plastiki zikiwa na unyevu. Zile zilizo bora zipige picha kwa simu karibu na dirisha, asubuhi, bila ya mwanga wa simu. Kazi kumi na tano zilizochaguliwa vizuri zinatosha faili la kumtambulisha, mradi ziwemo zile alizochora kwa kuangalia kitu halisi na si za kunakili tu.

Mtafutie pia fundi wa kumwangalia: mwandishi wa mabango, mchongaji, mpaka rangi wa matatu, au mama mpiga hina. Nenda wewe kwanza, ukae, uone lugha inayotumika pale na watu wanaoingia na kutoka. Kubalianeni saa, zisiwe za shule, na umweleze fundi kwamba mtoto amekuja kujifunza wala si kuwa kibarua wa bure. Wachongaji wa chama cha ushirika cha Wakamba kule Changamwe, na karakana za Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza kazi za mikono tangu mwaka 1969, ni mahali pa kumpeleka aone watu wazima wakiishi kwa mikono yao.

Kuhusu masomo ya mbele, mtaala wa umilisi, yaani CBC, umefungua mlango ambao haukuwapo. Kundi lake la kwanza liliingia Gredi 10 Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule inayofundisha mkondo huo, kwa hivyo uulizie mapema, mtoto akiwa Gredi 8, kabla ya kujaza chaguo. Alama za kupangiwa shule hutokana na mtihani wa Gredi 6 kwa asilimia 20, tathmini za Gredi 7 na 8 kwa asilimia 20, na mtihani wa Gredi 9 kwa asilimia 60. Hivyo kipaji peke yake hakitoshi, na mtoto aelezwe jambo hilo waziwazi. Hesabu na lugha zitaendelea kumfuata hata katika mkondo wa sanaa.

Ikiwa alikwisha kuacha shule, vyuo vya ufundi bado vinampokea, na NITA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa majaribio ya ufundi ya Gredi III, II na I kwa waliojifunza kazi mikononi mwa mafundi. Nenda naye siku ya kujiandikisha, na faili lake mkononi. Akiandikishwa, mpelekee baba yake risiti.