Waya umechomekwa lakini mtandao unakokota: pa kuanzia

Kompyuta yako ina waya hadi kwenye ruta, mwenzako anatumia Wi-Fi ya simu, na bado yeye ndiye anayefungua kurasa haraka. Kwenye maduka ya uchapaji ya Nasser Road, Kampala, shida hii huonekana mnapohamisha faili la bango: gigabaiti 2 zinachukua kama dakika 3, wakati zingefika kwa sekunde 20 hivi. Kabla hujaongeza kifurushi cha intaneti, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Soma kasi ya kiungo, yaani kasi ambayo kompyuta na ruta zimekubaliana kupitia waya. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Network & internet, kisha Ethernet, utafute mstari wa Link speed. Kwenye Linux andika `sudo ethtool enp3s0`, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao badala ya enp3s0. Ukiona 1000 (megabiti kwa sekunde, yaani gigabiti 1), ruka hadi hatua ya 4. Ukiona 100, hakikisha kwanza kwamba matundu ya ruta ni ya gigabiti. Ruta nyingi za bei nafuu huishia megabiti 100, na hapo waya mpya ni hasara tupu.

Hatua ya 2: Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Weka waya mfupi unaojua ni mzima. Kasi ikipanda hadi 1000, mchawi ni waya wako. Isipopanda, jaribu tundu jingine la ruta, halafu kompyuta nyingine.

Hatua ya 3: Kagua vichwa vya waya. Hapa usiharakishe. Ndani ya waya kuna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, yaani nyuzi namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka jozi zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja wa buluu ukikatika, mtandao haufi, unashuka tu, na mwenye duka ataapa kwamba waya hauna tatizo.

Elekeza kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kwenye ncha ya waya, kwenye mwanga, kilimi kikiwa upande wa pili na waya ukiingilia chini. Kila uzi uwe umefika mwisho kabisa. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuna mafundi wanaopanga rangi jozi kwa jozi ncha zote mbili. Testa ya taa itawaka yote 8 bila kosa, lakini namba 3 na 6 zinakuwa za jozi tofauti, mawimbi yanaingiliana na pakiti (vipande vya data) zinapotea. Testa hiyo haiwezi kukuonyesha kosa hili; macho yako yanaweza. Ukibana kichwa upya, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Kwaruza pia uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hukatika upesi kwenye kichwa. Nunua waya wa daraja la Cat5e au Cat6 wa shaba tupu, na usivuke mita 100.

Hatua ya 4: Pima ndani kwa ndani. Weka iperf3, programu ya kupima kasi, kwenye kompyuta mbili zilizochomekwa kwenye ruta. Moja iandikie `iperf3 -s`, nyingine `iperf3 -c` na anwani ya IP ya ile ya kwanza. Gigabiti nzima hutoa takribani megabiti 940 kwa sekunde.

Hatua ya 5: Rudisha mipangilio ya kasi ya kadi ya mtandao na ya ruta kwenye Auto Negotiation, ili zikubaliane kasi zenyewe. Upande mmoja ukilazimishwa 100 Full, ule wa Auto huangukia half duplex (kutuma na kupokea kwa zamu), na mtandao unakwama kila mkituma mengi.

Shida ikianza baada ya radi, ambayo huku kwetu karibu na Ziwa Victoria haiishi, shuku tundu lenyewe: linaweza kuwaka taa huku likishika megabiti 10 tu. Hamia tundu jingine, au weka kadi ya mtandao ya USB 3.0.

Namba za ndani zikiwa safi na intaneti bado ni nzito, sasa mpigie mtoa huduma, umsomee vipimo vya hatua ya 1 na ya 4.